Istilahi za Vifaa vya Kielektroniki vya Kuongozea Vyombo Baharini: Uhakiki

Utangulizi

Vifaa vya kielektroniki vya kuongozea vyombo baharini havimo tena katika meli kubwa peke yake. Rada, kipokezi cha setilaiti kijulikanacho kwa herufi GPS, kipima kina kwa mwangwi, redio ya VHF, na hata simu ya mkononi yenye ramani ya bahari, sasa vimo katika boti za uvuvi na za abiria katika mwambao wetu. Vifaa hivyo huja na maelekezo ya lugha za kigeni, na aghalabu hapana anayejishughulisha kuyafasiri. Kwa sababu hiyo tulifurahi tulipopata kijitabu cha Kiswahili kilichopigwa chapa kwa ajili ya manahodha wa vyombo vidogo, chenye kueleza jinsi ya kuvitumia vifaa hivyo kwa usalama.

Hatutamtaja mtoaji wala mfasiri. Nia yetu si kumwaibisha mtu aliyejaribu kazi ambayo wengi wetu tumeikwepa. Makosa tutakayoyaeleza tumeyaona katika kazi nyingine pia, na baadhi yake tumewahi kuyafanya wenyewe. Tunayachungua hapa kwa sababu katika taaluma hii kosa la istilahi haliishii kwenye karatasi. Mfasiri wa hadithi akikosea neno, msomaji hupungukiwa na ladha. Mfasiri wa maelekezo ya rada akikosea neno, huenda nahodha akapanda mwamba akiwa na abiria.

Tuanze kwa kutoa sifa inayostahili. Kijitabu kimehifadhi maneno mengi ya pwani ambayo mfasiri mwingine angeyaacha: boya, mkuku, omo, tezi, fungu, bamvua, mwangwi. Kimeliacha neno rada kama lilivyozoeleka, wala hakikulitungia jina refu lisilotamkika. Sentensi zake ni fupi, na picha zake ni safi. Kasoro zake ziko mahali pengine, nazo tumezigawa katika mafungu saba.

1. Neno moja kwa vitu viwili: chombo

Kijitabu kinakiita kila kifaa “chombo”. Katika ofisi au jikoni neno hilo halina madhara. Baharini, chombo ni jahazi, mashua au meli yenyewe. Kijitabu kinapoonya kwamba chombo kisiwekwe karibu na dira, msomaji hustaajabu, kwa kuwa dira imo ndani ya chombo. Onyo lenyewe ni la maana sana: vipaza sauti na vifaa vingi vya umeme vina sumaku au hutoa nguvu ya sumaku, na vikiwekwa jirani na dira huupotosha mshale wake. Nahodha aliyekosa kulielewa onyo hilo ataitegemea dira iliyopotoka siku ambayo umeme umezimika, yaani siku ambayo dira ndiyo msaada wake wa mwisho.

Pale kijitabu kinaposema kuwa “chombo kikikosa umeme” hatua fulani zifuatwe, hatukuweza kujua kama ni umeme wa boti nzima au wa rada tu, na hatua za hali hizo mbili hazilingani. Tunashauri neno chombo lihifadhiwe kwa maana yake ya kibaharia, na kila kitu kinachofungwa ndani yake kiitwe kifaa.

2. “Hesabu mfu”

Hili ndilo kosa zito kuliko yote. Kipokezi cha setilaiti kinapokosa mawimbi, vifaa vingi havinyamazi. Huchukua mahali pa mwisho palipojulikana, vikaongeza kasi, uelekeo na muda uliopita, vikaendelea kuonyesha tarakimu za mahali pa chombo. Mabaharia wa Kiingereza hukuita kukokotoa huko kwa jina lenye neno la kufa, na vifaa huonyesha herufi DR. Mfasiri amelifuata neno hilo kama lilivyo, akaandika kwamba kifaa “huingia katika hesabu mfu”.

Tuliwasomea sentensi hiyo wavuvi watatu waliokuwa wakishona nyavu dikoni. Wa kwanza alisema ni hesabu ya watu waliokufa maji. Wa pili alisema ni hesabu isiyofaa, iliyofutwa. Wa tatu, mzee aliyeshika sukani ya jahazi tangu ujana wake, alisema kwa ufupi, “Basi kimekufa. Kizime.” Wote watatu waliafikiana katika jambo moja, kwamba kifaa hakionyeshi kitu tena. Kweli ni kinyume chake, nayo ni mbaya zaidi. Kifaa kinaonyesha tarakimu zile zile zilizo nzuri, kwa ukubwa ule ule, ila sasa kinakisia. Hakioni mkondo wala upepo. Mkondo wa noti 3 ukikisukuma chombo ubavuni kwa saa 2, chombo kitakuwa kimepotoka maili 6 za bahari, yaani zaidi ya kilometa 11, na kifaa hakitakuwa na habari.

Msomaji asidhani kwamba tunatia chumvi. Tarehe 10 Juni 1995 meli ya abiria iitwayo Royal Majesty, iliyokuwa ikitoka Bermuda kwenda Boston ikiwa na watu 1,509, ilipanda fungu karibu na kisiwa cha Nantucket nchini Marekani. Uchunguzi rasmi ulionyesha kwamba waya wa antena ya kipokezi cha GPS uliachana muda mfupi baada ya meli kung'oa nanga. Kifaa kililia kidogo, kikaanza kukisia, na kikaonyesha herufi ndogo kwenye kioo: DR kuashiria kisio, na SOL kuashiria kwamba suluhisho la mahali halipo. Usukani wa kujiendesha ukayapokea makisio hayo kama kwamba ni kweli. Kwa muda wa zaidi ya saa 34 maofisa walitazama kioo hicho zamu baada ya zamu, na meli ikapotoka maili 17 kutoka njia yake. Kilikuwapo kifaa kingine, cha mfumo wa Loran, ambacho kingewaonyesha tofauti laiti wangevilinganisha vifaa viwili hivyo. Kwa bahati njema hakuna aliyekufa.

Maofisa hao walikuwa watu waliosomea kazi yao, na lugha ya kifaa ilikuwa lugha yao ya kazi. Hata hivyo herufi mbili ziliwapita machoni. Je, nahodha wetu, ambaye herufi hizo ni za kigeni kwake na tafsiri yake inamwambia habari ya wafu, tumempa nini?

Tunapendekeza maneno mawili yanayopingana waziwazi: thibitisho, kwa mahali palipopimwa na kuhakikishwa, na kisio, kwa mahali palipokokotolewa bila ya kupimwa. Sentensi ya kijitabu ingekuwa hivi: “Ukiona herufi DR, kifaa hakijui tena ulipo, kinakisia. Tafuta thibitisho kwa njia nyingine mara moja.” Mtoto wa shule ataielewa.

Hapo pana funzo jingine. Kijitabu kimefasiri majina ya vitufe na alama za kioo bila ya kuziandika herufi zenyewe kama zionekanavyo. Kioo hakikufasiriwa; kinaendelea kusema DR, MOB na SOL. Maelekezo yanayomficha msomaji herufi atakazokutana nazo ni kama ramani isiyo na majina ya miji. Kanuni iwe kuandika herufi za kioo kama zilivyo, kisha zifuatwe na maelezo ya Kiswahili.

3. Masafa, upeo na maili

Neno masafa limetumika katika kijitabu kwa maana tatu: umbali kutoka kwenye chombo hadi kwenye kitu kinachoonekana katika rada, eneo lote ambalo kioo cha rada kimewekwa kuonyesha, na mapigo ya mawimbi ya redio. Maana ya tatu imekwisha kukita mizizi kwa wasikilizaji wa redio, wanaojua masafa mafupi na masafa ya kati, wala hatuoni njia ya kuing'oa. Msomaji akiambiwa “apunguze masafa ya rada” anapokaribia bandari, atatafuta kitufe cha kubadili mawimbi, kumbe anatakiwa akifanye kioo kionyeshe eneo dogo zaidi kwa undani zaidi.

Kutojua rada imewekwa katika upeo gani ni hatari inayojulikana. Usiku wa tarehe 25 Julai 1956, katika bahari hiyo hiyo ya jirani na Nantucket, meli Stockholm na Andrea Doria ziligongana ndani ya ukungu ingawa zote mbili zilikuwa na rada na zilikuwa zimeonana kwenye vioo. Watu 51 walikufa. Mojawapo ya maelezo yaliyotolewa baadaye ni kwamba afisa wa Stockholm alidhani rada yake imewekwa kuonyesha maili 15 ilhali ilikuwa imewekwa maili 5, hivyo akaiona meli ya pili kuwa iko mbali mara tatu kuliko ilivyokuwa. Maelezo hayo hayakukubaliwa na wote. Lakini kwamba kosa la namna hiyo linawezekana, kila aliyewahi kukaa mbele ya kioo cha rada atakiri.

Basi tugawanye. Masafa yaachiwe redio. Nafasi kati ya vitu viwili iitwe umbali, kama tunavyosema siku zote. Eneo ambalo kioo kimewekwa kulionyesha liitwe upeo wa rada. Kadhalika neno “maili” lisiachwe peke yake. Maili ya bahari ni meta 1,852, na maili ya nchi kavu ni karibu meta 1,609. Katika safari ya maili 10 tofauti yake ni takriban kilometa 2.4, na ndani ya nafasi hiyo panaenea mwamba mzima.

4. “Takataka za bahari”

Mawimbi ya bahari hurudisha mwangwi, na katika kioo cha rada mwangwi huo huonekana kama madoadoa mengi yaliyozunguka chombo. Mfasiri ameyaita madoa hayo “takataka za bahari”, na kitufe cha kuyadhibiti akakiita “kiondoa takataka”. Msomaji ataelewa kwamba takataka ni kitu cha kuondolewa chote, na kwamba kioo kisafi ndicho kioo kizuri.

Hilo ni kosa la maana, si la ladha tu. Kitufe hicho hufanya kazi kwa kupunguza wepesi wa rada kuhisi mwangwi wa karibu. Hakiwezi kuchagua kati ya wimbi na ngalawa. Ngalawa na mitumbwi ni vyombo vya mbao, viko chini majini, na mwangwi wake ni dhaifu. Nahodha akikizungusha kitufe hadi kioo kiwe cheupe, atakuwa amewafuta wavuvi pamoja na mawimbi, na atakwenda kwa kasi kamili akiamini mbele yake hapana mtu. Hapo neno limekuwa kama amri ya kutenda kosa.

Kiswahili kina neno lake, na kila mwenye televisheni analijua. Picha inapovurugika, watu husema kioo kinaonyesha chenga. Basi tuseme chenga za mawimbi na chenga za mvua. Kitufe kiitwe kipunguza chenga, wala kisiitwe kiondoa. Kisha maelekezo yaongeze: “Ziache chenga kidogo zionekane. Kioo kisicho na chenga kabisa huenda kimeficha vyombo vidogo.” Kadhalika mvuvi mwenyewe ashauriwe kuning'iniza kiakisi cha rada juu ya mlingoti wake, ili mwangwi wake uwe na nguvu.

5. Kina kipi?

Mababu zetu walitia bildi. Aliyeivuta kamba alijua kwa mikono yake kwamba amepima kutoka juu ya maji hadi chini. Kipima kina cha leo hupiga mlio kutoka katika kihisio kilichofungwa kwenye kiunzi, kikahesabu muda wa mwangwi kurudi. Tarakimu inayoonekana ni nafasi kutoka kwenye kihisio hadi chini, isipokuwa kama kifaa kimerekebishwa kuonyesha vinginevyo.

Kijitabu kinatumia neno kina kwa kila kitu. Tuchukue mfano. Kihisio kiko nusu meta chini ya uso wa maji, na mkuku uko meta 1.2 chini ya uso huo. Kifaa kinaonyesha meta 1.0. Maji yana kina cha meta 1.5, lakini nafasi iliyobaki chini ya mkuku ni meta 0.3 tu, yaani urefu wa rula ya mwanafunzi. Nahodha aliyeambiwa kwamba “kina ni meta 1.0” atadhani ana meta nzima ya usalama.

Pana kina cha nne pia, kile kilichoandikwa kwenye ramani ya bahari. Hicho hupimwa kutoka kiwango cha maji kupwa kabisa, si kutoka maji ya saa hiyo. Katika mwambao wetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua huweza kuzidi meta 3, kwa hiyo kifaa na ramani havitakubaliana, na msomaji asiyeelezwa sababu atadhani mmojawapo ni mwongo. Tunashauri pawe na istilahi nne: kina cha maji, kina chini ya kihisio, nafasi chini ya mkuku, na kina cha ramani.

Papo hapo tuseme neno juu ya “data”. Kila ramani imechorwa juu ya msingi fulani wa vipimo vya umbo la dunia. Vipokezi vya setilaiti kwa kawaida hutumia msingi uitwao WGS 84, na ramani nyingi za zamani zilichorwa juu ya misingi mingine. Misingi ikitofautiana, mahali pa chombo kwenye ramani huweza kusogea kwa mamia ya meta. Mfasiri ameyaita mambo hayo “data ya ramani”, na onyo likapotea, kwani data ni habari yoyote ile. Neno msingi wa vipimo linatosha, nalo linaeleza.

6. Majira, joshi na “upande wa bandari”

Kijitabu kinaagiza mwendeshaji “aangalie beringi ya chombo kingine”. Katika gereji zetu beringi ni chuma chenye gololi kinachowekwa kwenye gurudumu, na boti nazo zina beringi katika mashine zake. Mvuvi mmoja alituuliza kwa uungwana kama rada ya siku hizi inaweza kuonyesha mashine ya mtu imechakaa. Kinachotakiwa ni pembe ya dira, yaani pembe ambayo kitu huonekana. Lilikuwa neno la kuwekwa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu kanuni ya msingi ya kuepa ajali imejengwa juu yake: chombo kinachokaribia, na pembe yake ya dira haibadiliki, kinaelekea kugongana nawe.

Uelekeo nao umechanganywa. Omo inaweza kuelekea upande mmoja ilhali mkondo unakipeleka chombo upande mwingine. Lugha ya mabaharia wetu ina neno la kale, majira, kwa njia anayokusudia nahodha kuishika. Basi tuna majira kwa njia iliyokusudiwa, uelekeo wa omo kwa upande omo inakotazama, na njia halisi kwa njia ambayo chombo kimepita juu ya ardhi. GPS huonyesha njia halisi, dira huonyesha uelekeo wa omo, nazo zikitofautiana hazikuharibika, zinampa nahodha habari ya mkondo.

Ama pande za chombo, hapo mfasiri amejikwaa mara mbili. Kwanza, kwa kuwa neno la Kiingereza la ubavu wa kushoto ndilo hilo hilo la bandari, ameandika “geuka upande wa bandari”. Nahodha anayetoka bandarini kwenda nje ataigeuza omo irudi alikotoka. Pili, penginepo ametumia joshi kwa ubavu wa kulia. Joshi ni upande upepo unakotoka, na demani ni upande wa pili wake. Upepo ukibadilika, au chombo kikibisha, pande hizo hubadilishana. Ubavu wa kulia haubadiliki. Kanuni ya ukungu inayomtaka nahodha, kwa kadiri iwezekanavyo, asigeuke kushoto kukwepa chombo kilicho mbele yake haiwezi kusimama juu ya neno linaloyumba na upepo. Tuseme ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto, kwa mtu anayeitazama omo, tusiongeze pambo.

7. Maneno madogo na sauti za redio

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika mwaka 1977, zinaagiza katika kanuni ya 5 kwamba kila chombo kiweke wakati wote ulinzi kwa kuona na kwa kusikia, pamoja na kila njia nyingine inayofaa kwa hali iliyopo. Kijitabu kinasema ulinzi “unafaa” kuwekwa “kwa macho au kwa rada”. Maneno mawili madogo yamebomoa kanuni nzima. “Unafaa” limeigeuza amri kuwa ushauri, na “au” limemruhusu nahodha kufumba macho maadamu rada inazunguka. Na kanuni ya 7 inakataza wazi kujenga dhana juu ya habari haba, hususan habari haba za rada. Ngalawa isiyo na taa wala kifaa cha kujitambulisha haitatokea katika kioo cha utambulisho wa meli; jicho ndilo litakaloiona. Tunashauri wafasiri waweke daraja tatu na wazishike kitabu kizima: lazima kwa amri, yafaa kwa ushauri, aweza kwa hiari.

Kuhusu redio, mfasiri amefasiri neno la kumpa mwenzio zamu ya kusema kuwa “juu”, na la kufunga mazungumzo kuwa “nje”. Anayesikia “juu” chomboni hutazama mlingoti. Wasemaji wetu wa redio husema ova, nalo latosha.

Linalotushughulisha zaidi ni tarakimu. Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha mwaka 2001 orodha ya misemo sanifu ya mawasiliano, ambayo huagiza kwamba namba zitajwe tarakimu moja moja. Mfasiri ameifuata kanuni hiyo bila ya kuipima kwa masikio ya Kiswahili. Tazama: sitini na tisini zina silabi zile zile, zilizobadilishana nafasi. Tukizitamka tarakimu moja moja tunapata sita na tisa, na ugonjwa ni ule ule. Katika kishindo cha mashine na upepo wa kusi, majira ya 060 na ya 090 hayatofautishiki. Na baada ya maili 10 za bahari makosa yake ni zaidi ya maili 5. Marubani wa ndege wanaosema Kiingereza wamelitia neno lao la tisa mkia ili lisichanganyike. Sisi hatuna haja ya mkia. Tuna neno kenda, lililo hai katika jina la Wamijikenda, na ambalo halifanani na tarakimu nyingine yoyote. Tunapendekeza kwamba katika redio za vyombo tisa isemwe kenda, na mpokeaji airudie kila namba aliyoisikia.

Muhtasari wa mapendekezo

Chombo: jahazi, boti au meli. Kifaa: kilichofungwa ndani yake.
Thibitisho: mahali palipopimwa. Kisio: mahali palipokokotolewa tu.
Umbali: nafasi hadi kwenye kitu. Upeo wa rada: eneo linaloonyeshwa na kioo. Masafa: ya redio pekee.
Chenga za mawimbi, chenga za mvua, kipunguza chenga.
Kina cha maji, kina chini ya kihisio, nafasi chini ya mkuku, kina cha ramani.
Msingi wa vipimo: umbo la dunia ambalo ramani imechorwa juu yake.
Majira, uelekeo wa omo, njia halisi, pembe ya dira.
Ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto.
Kenda: tisa katika redio.

Hitimisho

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Istilahi nazo ni hivyo hivyo. Hatusemi kwamba mapendekezo yetu ndiyo ya mwisho. Penye neno bora linalotumiwa na wanamaji wenyewe, letu na litupwe. Tunachosisitiza ni utaratibu. Kabla ya kupigwa chapa, maelekezo ya namna hii yasomwe kwa sauti mbele ya watu watakaoyatumia, mahali wanapofanyia kazi, na mfasiri awaulize: “Ukisikia hivi, utafanya nini?” Siyo “umeelewa?”, kwa maana kila mtu mwenye adabu atajibu ndiyo. Wavuvi wale watatu walitufundisha kwa dakika chache jambo ambalo kamusi zetu hazikutuonyesha.

Tunawaomba walimu wa vyuo vya uvuvi na ubaharia, maofisa wa bandari na wafasiri waliowahi kufanya kazi ya namna hii watuletee maneno wanayoyasikia katika madiko yao, ili yajadiliwe katika kurasa hizi na hatimaye yafikishwe mbele ya Baraza. Kijitabu tulichokihakiki kitapigwa chapa tena siku moja. Ni juu yetu sote kuhakikisha kwamba nahodha atakayekifungua usiku, kioo kikionyesha DR na fungu liko mbele, atasoma neno litakalomfanya aushike usukani.